Hata Mtoto Ana Neno Barazani

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo sitaanza na ugonjwa. Nitaanza na swali.

Mara ya mwisho mkutano wa afya ulipofanywa kijijini kwenu au mtaani kwenu, wewe ulikuwa wapi? Labda ulikuwa shambani. Labda ulikuwa sokoni ukitafuta riziki. Labda ulikuwepo, ukaketi nyuma ukimnyonyesha mtoto, ukapiga makofi wageni walipomaliza kusema, kisha ukaenda zako nyumbani. Na watoto wako wakubwa je? Nina hakika wengi wenu mtanijibu kwamba waliambiwa wakacheze mbali ili wakubwa wazungumze.

Sikulaumu, mama. Mimi mwenyewe nimewahi kuwafukuza watoto mkutanoni. Leo nataka kukueleza kwa nini niliacha.

Kisa cha mto wa mchanga

Miaka michache iliyopita nilifanya kazi katika zahanati ndogo huko Ukambani. Ikiwa unazijua sehemu hizo, unajua kwamba mito mingi haina maji mwaka mzima. Mvua ikinyesha, maji hupita kwa nguvu siku chache, kisha hubaki mchanga mtupu. Watu huchimba visima vifupi ndani ya mchanga ule wakapata maji ya kunywa. Ukiyatazama maji hayo ni maangavu, na ukiyaonja ni matamu.

Mwaka mmoja mvua za Novemba zilipoanza, watoto walianza kuletwa zahanati wakihara. Alikuja wa kwanza, akaja wa pili, na kabla ya juma kwisha benchi letu lilikuwa limejaa. Nilifanya kama nilivyofundishwa chuoni. Niliwapa ORS na tembe za zinki. Niliwaambia akina mama wachemshe maji ya kunywa na wanawe mikono kwa sabuni. Walinisikiliza vizuri, wakasema, "Asante daktari," wakaenda. Baada ya siku kumi niliwaona baadhi yao tena, wakiwa na watoto wale wale.

Kisha usiku mmoja mama aliletwa kwa pikipiki akiwa amembeba mtoto wa miezi minane. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Ukiifinya ngozi ya tumbo lake, haikurudi upesi. Hakuwa na nguvu za kunyonya. Tulijitahidi, tukaita gari limpeleke hospitali kubwa, lakini mtoto yule hakufika huko. Mama yake alikuwa amefuata yote niliyomwambia. Maji ya mtoto alikuwa akiyachemsha. Lakini mtoto wa umri ule hutambaa, hushika kila kitu na kukitia mdomoni, na uchafu una njia nyingi za kumfikia kuliko ile moja ambayo mama anaweza kuifunga peke yake.

Juma lililofuata chifu na mzee wa kijiji waliitisha baraza chini ya mti. Wanaume waliketi kwenye viti, akina mama wakaketi kwenye nyasi, na watoto niliwaambia mimi mwenyewe wakacheze. Nilizungumza karibu saa nzima nikionyesha picha zangu za nzi, vidole na chakula. Nilipomaliza niliuliza kama kuna swali. Hapakuwa na swali. Mzee mmoja alisema kuhara huko kumeletwa na mvua. Mwingine akasema ni ng'ombe wanaonywea mtoni. Mama mmoja akasema ni maembe mabichi.

Msichana mmoja wa darasa la tano hakuwa ameondoka, kwa sababu alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni na mama yake hakutaka mtoto alie. Msichana huyu aliinama, akamwambia mama yake neno sikioni. Mama akamfinya. "Nyamaza, wakubwa wanaongea." Lakini mhudumu wa afya wa kijiji, aliyeketi karibu nao, alikuwa amesikia. Akasimama, akasema, "Mzee, naomba mtoto huyu aruhusiwe kurudia aliyoyasema."

Msichana aliangalia chini. Akasema, "Choo cha wasichana shuleni hakina mlango. Ulivunjika muhula uliopita. Sisi huenda korongoni."

Watu walinyamaza. Kila mtu pale alilijua korongo lile. Linaanzia nyuma ya shule na kuteremka hadi mtoni, na maji yake huingia mtoni hatua chache tu juu ya mahali ambapo akina mama walikuwa wakichimba visima. Kila mvua iliponyesha, uchafu wote wa korongoni ulioshwa hadi mchangani, pale pale tulipochota maji. Hao wasichana hawakuwa watoto wabaya wala wachafu. Walikuwa wakijisitiri, kama tunavyowafundisha.

Jambo lililoniuma zaidi ni hili. Muhula ule ule mimi nilikuwa nimeenda katika shule hiyo kuwapa watoto dawa za minyoo. Nilipita mbele ya vyoo vile. Nilihesabu vidonge, nikahesabu watoto, nikajaza fomu zangu. Sikumwuliza hata mtoto mmoja, "Choo chenu kiko namna gani?"

Yaliyofuata

Jumamosi iliyofuata mlango uliwekwa. Fundi mmoja alitoa bawaba na kazi ya mikono yake. Chama cha akina mama kilinunua mabati na misumari. Wanaume waliingia korongoni na majembe, wakafukia uchafu kwa udongo. Akina mama walihamisha visima vyao wakachimba upande wa juu, kabla ya mahali korongo linapoingilia mto. Kazi hiyo yote haikungoja mfadhili.

Halafu mwalimu mkuu aliwauliza watoto kama kuna jambo jingine. Wale wadogo wa chekechea walisema wanaogopa kuingia chooni, kwa sababu tundu ni kubwa na ndani ni giza, nao hufikiri watatumbukia. Ndiyo maana walikuwa wakijisaidia nyuma ya choo. Fundi akawatengenezea kifuniko chenye tundu dogo. Watoto wakubwa wakafunga vidumu vya maji vyenye tundu kwenye miti karibu na vyoo, pamoja na sabuni iliyotiwa ndani ya wavu, ili kila anayetoka anawe mikono.

Sitakudanganya kwamba kuhara kuliisha kijijini. Mvua za masika zilipokuja bado nilipokea watoto waliokuwa wakihara. Lakini benchi halikujaa tena kama wakati ule, na msimu huo hatukupoteza mtoto. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi na ORS yangu tulikuwa kidole kimoja.

Kushiriki ni nini?

Mama mpendwa, watu wengi hufikiri kwamba kushiriki katika mambo ya jamii ni kuhudhuria mkutano na kutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Kushiriki kuna sehemu nne. Ya kwanza ni kusema yale unayoyajua, hata kama ni ya aibu kidogo. Ya pili ni kuwa mmoja wa wanaoamua kitakachofanywa. Ya tatu ni kufanya sehemu yako ya kazi. Ya nne, ambayo wengi huisahau, ni kurudi kuuliza: "Tulikubaliana hivi. Je, imefanyika?"

Hii si fadhila unayotendewa na serikali wala na sisi wauguzi. Mwaka 1978 mataifa ya dunia yalikutana katika mji wa Alma-Ata, yakakubaliana kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Hapa Kenya, mpango wa afya ya jamii ulianzishwa mwaka 2006 kwa msingi huo huo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, haki ya usafi wa mazingira, na haki ya maji safi ya kutosha. Katiba hiyo hiyo imeuweka ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Kwa hiyo unapoinua mkono barazani, hujipendekezi. Unatumia kilicho chako.

Milango iliyo wazi kwako

Najua utaniuliza, "Sista, nianzie wapi? Mimi sina cheo." Nitakutajia milango minne.

Mlango wa kwanza unakuja wenyewe nyumbani kwako. Ni mhamasishaji wa afya ya jamii, yule ambaye zamani tulimwita mhudumu wa kujitolea. Tangu mwaka 2023 wahamasishaji hawa wamepewa mikoba ya vifaa, na kila mmoja hushughulikia takriban nyumba 100. Anapokutembelea, mwambie ukweli. Ikiwa huna choo, sema. Ikiwa mtoto alikosa chanjo kwa sababu ulikuwa umesafiri, sema. Ikiwa nyumbani kuna mtoto mwenye ulemavu ambaye hatolewi nje, usimfiche. Yale unayomwambia ndiyo yanayoonyesha hali ya kijiji chenu. Ukificha, kijiji kitaonekana kizima kwenye karatasi huku watoto wanaugua.

Mlango wa pili ni siku ya mazungumzo ya afya. Hufanywa kila baada ya miezi mitatu katika kila kitengo cha afya ya jamii. Siku hiyo husomwa hesabu zilizokusanywa nyumbani: ni nyumba ngapi zina vyoo, ni watoto wangapi wamekamilisha chanjo, ni akina mama wangapi wamejifungulia hospitalini. Kisha watu huulizana sababu na kupanga la kufanya. Mwulize mhamasishaji wako siku hiyo ni lini. Kama hukuwa umewahi kuisikia, basi ndiyo sababu zaidi ya kuuliza.

Mlango wa tatu ni kamati ya zahanati. Kila kituo cha umma kinapaswa kuwa na kamati yenye wananchi ndani yake. Wajue ni akina nani. Ukiwa na neno kuhusu huduma, wafikishie, na useme jambo lenyewe waziwazi. Ukisema tu, "Tunataka huduma bora," kila mtu ataitikia na hakuna atakayeamka kufanya kitu. Lakini ukisema, "Zahanati hufungwa saa kumi, na mwezi uliopita mama alijifungulia barabarani saa mbili usiku," hapo kamati ina jambo la kujibu. Nasi wauguzi tusikasirike tunapoambiwa. Mgonjwa anayenyamaza hatusaidii.

Mlango wa nne ni kaunti. Tangu mwaka 2013 zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya bajeti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo ukingoja hadi Agosti kuomba wadi ya kujifungulia, umechelewa kwa mwaka huo. Miezi ya mwanzo wa mwaka, sikiliza matangazo ya mikutano ya maoni ya wananchi. Uliza kwa msimamizi wa wadi, kwa chifu au kwa mwakilishi wadi. Andikeni ombi lenu kwenye karatasi, mlipeleke, na mbaki na nakala.

Najua pia kwamba huna muda. Una maji ya kuteka, kuni, mifugo, biashara na watoto. Basi msiende wote. Ikiwa mko katika chama, chagueni mmoja aende kwa niaba yenu mwezi huu na mwingine mwezi ujao. Anayekwenda aangaliziwe watoto, na akirudi aeleze. Na tusiwasahau wale ambao hakuna anayewauliza: mama mdogo wa miaka kumi na saba, msichana wa kazi anayeshinda na mtoto wako kutwa, nyanya asiyeona vizuri. Wao pia wanajua jambo.

Nafasi ya mtoto

Sasa turudi kwa yule msichana. Kuna mzee ambaye baada ya baraza aliniambia, "Daktari, ukiwazoesha watoto kusema mbele za watu, watakosa adabu." Neno hilo nililiheshimu, kwa sababu linatoka katika malezi yetu. Lakini nilimwomba afikirie: je, yule mtoto alimtukana mtu? Aliangalia chini, akasema ukweli kwa sauti ya upole, akanyamaza. Adabu ni namna ya kusema, nayo hufundishwa kwa kumpa mtoto nafasi ya kusema. Mtoto ambaye hajawahi kusikilizwa hujifunza mambo mawili tu: kunyamaza au kupiga kelele.

Sheria yetu ya Watoto ya mwaka 2022 pia inasema kwamba katika mambo yanayomhusu mtoto, apewe nafasi ya kutoa maoni, nayo yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake. Haisemi mtoto ndiye ataamua kila kitu. Inasema asikilizwe.

Na si jambo jipya. Kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, 1979, daktari David Morley na mwalimu Hugh Hawes wa Chuo Kikuu cha London walianzisha mpango wa Child-to-Child, yaani mtoto kwa mtoto. Walikuwa wameona jambo ambalo wewe unaliona kila siku: katika nyumba nyingi mtoto mdogo hulelewa na dada yake au kaka yake. Wakasema, basi tumfundishe huyu mlezi mdogo, tena tumwache afikiri mwenyewe. Njia yao unaweza kuitumia hata nyumbani. Watoto huchagua jambo moja linalowasumbua. Huchunguza kwa kuhesabu na kuuliza. Hujadiliana walichokiona na kupanga la kufanya. Hutenda. Kisha huangalia kama pamebadilika kitu, na kufanya vizuri zaidi.

Je, mtoto wa umri gani anaweza nini? Wa miaka mitatu hadi mitano anaweza kunawa mikono akiimba, na kukuambia anachokiogopa. Wa miaka sita hadi tisa anaweza kumkumbusha mdogo wake kuvaa viatu aendapo chooni, na kukuonyesha mahali watoto wanapocheza penye vipande vya chupa au maji yaliyotuama. Wa miaka kumi na zaidi anaweza kusoma tarehe ya kliniki kwenye kijitabu cha mtoto na kukukumbusha. Shuleni anaweza, pamoja na wenzake na mwalimu, kuhesabu vyoo na mabomba yaliyoharibika na kupeleka habari kwa kamati ya shule. Kijana aliyevuka miaka kumi na minne anaweza kuketi katika siku ya mazungumzo ya afya na kueleza mambo ya wenzake, kwa mfano kwa nini wasichana hukosa shule wakati wa hedhi.

Mipaka ya kumlinda

Hata hivyo, kumshirikisha mtoto si kumtwika mzigo wa mtu mzima. Asikose shule kwa sababu ya mkutano. Asipelekwe nyumba kwa nyumba peke yake. Asitumwe kufukia uchafu wala kushika dawa za kuua wadudu. Asipewe kazi ya kumpimia mdogo wake dawa. Asivalishwe fulana na kupangwa mstari kuwaimbia wanasiasa, kisha tuseme ameshiriki.

Na kuna neno jingine zito. Mtoto akishazoea kusikilizwa, huenda siku moja akakuambia jambo la kutisha: kwamba mtu anampiga, au anamshika pasipofaa. Hilo si la baraza. Usimlazimishe alirudie mbele za watu, wala usilimalize kwa mbuzi na vikao vya wazee. Mwambie umemsikia na si kosa lake. Mpeleke hospitali upesi, siku hiyo hiyo ikiwezekana, na utoe ripoti polisi au kwa afisa wa watoto. Unaweza pia kupiga simu nambari 116 bila malipo.

Mtoto wako akihara

Kwa kuwa nimetaja kuhara, siwezi kuondoka bila kukukumbusha la kufanya. Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Ikiwa ameanza kula, endelea kumpa chakula. Mpe ORS kidogo kidogo kwa kikombe na kijiko, ukiichanganya na maji safi ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Akitapika, ngoja dakika kumi kisha endelea polepole. Mwombe muuguzi au mhamasishaji tembe za zinki, na umpe kwa siku zote utakazoambiwa, hata kama kuhara kumekoma mapema.

Mkimbize zahanati bila kungoja ukiona macho yameingia ndani, anashindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au ni vigumu kumwamsha, ana degedege, au choo kina damu. Ukiwa na shaka, mlete tu. Hakuna muuguzi mwema atakayekucheka kwa kumleta mtoto mapema.

Mambo ya kukumbuka

1. Kushiriki ni kusema, kuamua pamoja, kutenda, na kurudi kuuliza kama limefanyika.
2. Mwambie mhamasishaji wa afya ukweli wa nyumba yako.
3. Jua tarehe ya siku ya mazungumzo ya afya, na uwajue wanakamati wa zahanati yenu.
4. Maoni ya bajeti ya kaunti yapelekeni kabla ya Aprili kwisha.
5. Mtoto asikilizwe kwa umri wake, asitwikwe mzigo, na siri yake ilindwe.

Kazi ya juma hili

Kabla ya kipindi kijacho nakuomba ufanye jambo moja dogo. Jioni moja, mkiwa mnasubiri chakula kiive, mwulize mtoto wako: "Kuna mahali gani shuleni au njiani ambapo hupapendi?" Kisha unyamaze. Usimkatize, usimkemee, wala usimwambie kwamba wewe enzi zako ulivumilia. Akikuambia, nenda ukapaone mahali hapo kwa macho yako. Kama ni jambo la kurekebisha, lipeleke kwa mwalimu, kwa mhamasishaji au barazani. Na likisharekebishwa, rudi umwambie mtoto, "Ulichosema kimefanyika." Maneno hayo yatamfanya aseme tena siku nyingine.

Mkiwa katika chama au katika kikundi chenu cha kusikiliza, jadilini maswali haya. Katika mikutano yetu, ni nani huongea na ni nani hunyamaza? Ni lini mara ya mwisho tulipofuatilia jambo tuliloahidiwa? Na watoto wetu wanajua nini ambacho sisi hatujawauliza?

Yule msichana sasa ni mkubwa. Nilipohamishwa kutoka zahanati ile alikuja na mama yake kuniaga. Mama akaniambia, "Siku ile nilimfinya." Nikamwambia, "Hata mimi nilikuwa nimewafukuza." Tukacheka, lakini sote wawili tulikuwa tunamkumbuka mtoto wa miezi minane.

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda, tuzungumzie lishe ya mtoto baada ya miezi sita.